Tope la ziwa kujazia viwanja: linawezekana, ila si tope lolote

Kila bandari ya Kisumu inaporudi kwenye habari, swali moja hurudi nayo. Bandari ilikarabatiwa mwaka 2019, meli ya MV Uhuru ikarejea majini baada ya kukaa miaka bila kazi, na tangu hapo mazungumzo kuhusu tope la Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria ulio mbele ya mji, hayajaisha. Meli zinataka kina, na kina hakipatikani tope lisipotolewa. Basi likitolewa linapelekwa wapi? Hapo ndipo anapotokea mtu na wazo ambalo kulisikia tu linavutia: mtaa wa Nyalenda na uwanda wa Kano hulala ndani ya maji kila mvua zikizidi, na bei ya lori la murram, ule udongo mwekundu wa changarawe wa kujazia, haishikiki; kwa nini tope hilo lisimwagwe huko likainua viwanja vya watu?

Majibu ya mitaani huwa mawili. Wapo wanaosema tope la ziwa ni sumu tupu na lisiguswe. Wapo wanaosema Waholanzi na Wajapani wamejenga bandari na viwanja vya ndege kwa tope, sisi tunangoja nini? Pande zote mbili zina hoja, ila zote zinazungumzia tope kana kwamba ni kitu kimoja, na zote zinasahau gharama ambayo haionekani kwenye lori. Gharama hiyo ni kuyaondoa maji yaliyomo ndani ya tope. Kazi hiyo hula muda, na asiyekuwa na muda itabidi alipe fedha.

Tuanze na maana ya maneno. Kuchimba kina ni kuchota kile kilichotulia chini ya maji, iwe kwa ndoo za chuma, kwa mkono wa ekskaveta uliopandishwa juu ya pantoni, au kwa pampu inayokivuta kama uji na kukisukuma kwenye bomba hadi nchi kavu. Kinachochotwa kinaitwa mashapo: mchanga, udongo, majani yaliyooza, na chochote kile ambacho mto au mji umekileta. Kujazia ni kuinua ardhi iliyo chini, au kuziba shimo, kwa udongo uliotoka kwingine. Ukisikia basi kwamba mashapo yatatumika kujazia, maana yake ni kwamba kitu kilichokuwa taka ya bandari kinageuzwa kuwa bidhaa ya ujenzi. Mageuzi hayo hayatokei wakati lori linapomwaga. Hutokea baadaye, au yasitokee kabisa.

Mashapo ya Winam yanatoka wapi? Sehemu kubwa inatoka juu. Nyando, Sondu-Miriu, Kibos na mito midogo ya Awach hubeba udongo wa mashamba na wa makorongo. Aliyewahi kusimama ukingoni mwa korongo la Katuk Odeyo kule Nyakach ameiona tope ya ghuba kabla haijawa tope. Udongo huo ukifika ziwani hauna pa kwenda. Ghuba ni mfano wa mfuko, ina wastani wa mita 6 hivi za kina wakati ziwa kuu hufikia karibu mita 80, na mlango wake kuelekea ziwa kuu pale Rusinga ni mwembamba. Kinachoingia hukaa.

Lakini hakikai ovyo. Maji ya mto yakipunguza mwendo, chembe nzito hutangulia kuanguka. Mchanga, wenye chembe za milimita 0.06 hadi 2, hubaki karibu na mdomo wa mto. Tope laini, ambalo chembe zake ni ndogo kuliko hizo, husafiri zaidi. Ufinyanzi, yaani udongo wa mfinyanzi, wenye chembe zisizofika milimita 0.002, huweza kuelea siku nyingi na kutua pale maji yanapotulia kabisa. Na maji yaliyotulia kabisa ni yapi? Ni yale ya bandarini, kwenye kona zilizojengwa makusudi ili mawimbi yasisumbue meli. Ndiyo maana kinachotolewa gatini mara nyingi ni laini na chenye ufinyanzi mwingi, wakati kinachotolewa mdomoni mwa Nyando kinaweza kuwa na mchanga wa kutosha kumfurahisha fundi.

Unaweza kulijaribu jambo hili mwenyewe bila maabara. Chukua chupa pana ya kioo, weka tope hadi theluthi, jaza maji, tikisa vizuri, weka mezani. Mchanga utatua kabla hujahesabu sekunde sitini. Tope laini litachukua saa kadhaa. Kama kesho yake maji bado ni meusi, huo ni ufinyanzi, na hapo ndipo shida yako ilipo.

Lori la tope ni lori la maji

Hesabu kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopotea. Tope laini lililotoka chini ya ziwa huweza kuwa na kilo moja na nusu ya maji kwa kila kilo moja ya udongo mkavu. Ukilipima kwa ujazo, sehemu nne kati ya tano ni maji. Likikauka hadi kufikia unyevu wa udongo unaoweza kushindiliwa, tuseme gramu 300 za maji kwa kilo ya udongo, kinachobaki ni kama theluthi moja tu ya kile ulichomwaga.

Tulipeleke hilo kwenye ploti ya futi 50 kwa 100. Ukitaka kuiinua kwa mita moja unahitaji takriban mita 465 za ujazo, yaani tipa 47 za mita kumi kumi. Ukitumia tope bichi badala ya murram, utahitaji karibu tipa 130 ili ubaki na kimo hicho baada ya maji kutoka. Tope ni la bure, sawa. Dizeli si ya bure.

Na maji hayo yanatoka vipi? Yanatoka kwa kupenya katikati ya chembe, na kwenye ufinyanzi njia hizo ni nyembamba mno. Kanuni yake iliwekwa wazi na Karl Terzaghi mwaka 1925, na ndani yake mna jambo moja ambalo lingefaa kubandikwa kwenye kila lori: muda wa kutoa maji hauongezeki sambamba na unene wa tope, huongezeka kwa mraba wake. Unene ukiwa mara mbili, muda ni mara nne. Unene ukiwa mara tatu, muda ni mara tisa. Akina mama wanaoanika omena kwenye fuo za Usenge wanaijua kanuni hii bila Terzaghi: omena iliyotandazwa nyembamba juu ya neti hukauka kwa jua la siku moja, na iliyorundikwa huoza katikati wakati ya juu inang'aa. Tope nalo ni hivyo hivyo. Likitandazwa kwa tabaka jembamba, likageuzwa kwa trekta na kuchimbiwa mifereji pembeni, linakauka katika kiangazi kimoja au viwili. Likimwagwa mita tatu kwa mkupuo, linaweza kukaa miaka mingi huku ndani bado ni uji.

Kibaya ni kwamba kwa nje halionyeshi. Jua la Kisumu hukausha sentimita chache za juu haraka sana, hupasukapasuka, nyasi zikaota, na mpita njia akaona uwanja. Chini ya gamba hilo hakuna kitu cha kukubeba. Mahali popote palipojazwa tope bichi panapaswa kuzungushiwa uzio, kwa sababu ng'ombe na mtoto hawajui tofauti ya gamba na ardhi.

Wahandisi wana njia za kuharakisha. Moja ni kuchomeka tepe bapa za plastiki zenye mifereji ndani, kwenda chini moja kwa moja, kila baada ya mita moja au moja na nusu, ili maji yasisafiri mbali kutafuta njia. Yanakwenda pembeni kidogo, yanaikuta tepe, yanapanda. Nyingine ni kurundika mchanga au murram juu ya tope kwa miezi kadhaa ili uzito uyakamue maji, kisha kuuondoa. Mara nyingi mbinu hizi hutumika pamoja. Zinafanya kazi vizuri, ila ukiangalia utaona umenunua murram ileile uliyokuwa unaikimbia, hata kama ni kwa kuiazima tu.

Halafu kuna tope la chini ya tope. Uwanda wenyewe wa pembezoni mwa ziwa, ule wa mafunjo na maji ya kudumu, ni laini. Ukiupakia mzigo wa mita mbili, nao unatitia. Wajapani walijaza kisiwa katika Ghuba ya Osaka ili wajenge uwanja wa ndege wa Kansai, uliofunguliwa mwaka 1994. Hawakujaza kwa tope, walileta udongo mzuri wa milimani. Hata hivyo ufinyanzi wa chini ya bahari ulielemewa, na kisiwa kile kimeshuka zaidi ya mita 10 tangu ujenzi uanze. Wao walilitarajia jambo hilo, walilipima na kuliwekea bajeti. Jengo lao kuu lina nguzo zinazoweza kuinuliwa kwa jeki. Nyumba ya vyumba vitatu ya Nyalenda haina.

Udongo uleule tunaolipia kuuondoa

Fundi yeyote wa Kisumu akikuta udongo mweusi, ule wanaouita black cotton, jambo la kwanza analolisema ni kuukata na kuurudishia murram. Sababu yake ni kwamba udongo huo huvimba ukipata maji na hujikunja ukikauka, na nyumba iliyo juu yake hucheza nao kila msimu hadi kuta zinapasuka kwa mshazari kutoka kona za madirisha. Sasa jiulize ufinyanzi uliotua bandarini ulitoka wapi. Sehemu yake ilisombwa kutoka uwanda huohuo wa Kano. Kuuchota ziwani, kuusafirisha na kuumwaga kwenye ploti ambako jana umelipa vijana wachimbe wauondoe, hiyo ni biashara ya ajabu.

Kuna pia suala la vitu vilivyooza. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 magugu maji yamekuwa yakitanda, yanakufa na kuzama, kizazi baada ya kizazi, na mabaki yake yamo katika tope la ghuba. Mkulima akilishika tope jeusi lenye harufu hiyo anaona rutuba, na hakosei. Kwa mjenzi rutuba ni hasara. Kilichooza nusu kitaendelea kuoza chini ya sakafu yako, kitaacha nafasi tupu na kutoa gesi. Maabara hupima kiasi chake kwa njia rahisi ajabu: hukausha udongo, huupima, huuchoma kwenye tanuri, huupima tena. Kilichopungua ndicho kilichokuwa hai siku moja.

"Si tutie simiti tu?" Inawezekana, na dunia inafanya. Uwanja wa ndege wa Nagoya uliofunguliwa mwaka 2005 una sehemu ya kisiwa chake iliyojazwa tope la bandari ya Nagoya, likachanganywa na simiti ndani ya bomba lenyewe kwa nguvu ya hewa. Faida yake ni kwamba maji hayahitaji kutoka yote, kwa kuwa simiti inayafunga humo ndani. Lakini rudi kwenye ploti yetu ya 50 kwa 100. Kipimo cha chini ni kama mfuko mmoja wa kilo 50 kwa kila mita ya ujazo. Hiyo ni mifuko 465 kwa kimo cha mita moja, kabla hujaanza msingi. Na tope likiwa na uozo mwingi, simiti hushikana vibaya, kwa hiyo mifuko huongezeka. Chokaa husaidia zaidi kwenye udongo unaovimba, ila nayo inanunuliwa. Njia hii ina maana pale ambapo hakuna murram karibu na ardhi ni ghali kama dhahabu. Kisumu haijafika huko.

Kuna mtego mwingine ambao wanunuzi wa viwanja hawaambiwi. Tope likisukumwa kwa bomba ndani ya bwawa la kujazia, lile zoezi la mto hurudiwa upya: mchanga huanguka karibu na mdomo wa bomba, na ufinyanzi husukumwa hadi mwisho wa bwawa. Baada ya miaka miwili eneo lote linaonekana sawa, limesawazishwa na kupimwa ploti. Anayepata ploti ya upande wa bomba anajenga vizuri. Jirani yake, mita mia mbili mbele, ana ufinyanzi mtupu. Bei waliyolipa ni moja. Ndiyo maana kupima udongo mahali pamoja tu katika uwanja uliojazwa hakutoshi.

Je, ni sumu?

Tope ni kumbukumbu ya mji. Metali nzito hupenda kushikamana na chembe ndogo kabisa, kwa hiyo pale penye ufinyanzi mwingi ndipo uchafu nao hukusanyika. Mto Kisat hupita eneo la viwanda la Kisumu na kupokea maji taka kabla ya kufika ziwani. Kwa miaka mingi magari yalioshwa ukingoni kabisa mwa ziwa, oili na grisi vikaingia moja kwa moja. Watafiti waliopima mashapo ya ghuba wamekuwa wakikuta risasi, zinki na shaba zaidi upande wa mji kuliko mbali nao. Kwa hiyo anayesema tope la Winam ni sumu anasema kweli kuhusu baadhi ya maeneo, na anakosea akilihukumu tope lote. Mchanga wa mdomo wa mto ulio mbali na viwanda ni kitu tofauti kabisa na utandu mweusi wa mbele ya Kisat.

Jambo lisilojulikana sana ni kwamba tope chafu linaweza kutulia likiwa ziwani na kuanza kusumbua likiwa nchi kavu. Chini ya maji hakuna oksijeni ya kutosha, na katika hali hiyo metali hufungwa ndani ya madini yasiyoyeyuka kwa urahisi. Ukilianika, hewa inaingia, madini yale yanabadilika, na mvua ya kwanza inaweza kuzichukua metali hizo hadi kwenye kisima cha jirani. Kwa sababu hiyo kipimo kilichochukuliwa likiwa bichi hakitoshi. Linapaswa kupimwa pia likiwa limekauka, kisha likasuuzwa kwa maji ili ionekane ni nini kinachotoka.

Na maji yanayokamuliwa, yanaenda wapi? Swali hili halipati nafasi kwenye mijadala, nami naona ndilo la kwanza kuulizwa. Mtu akisukuma tope kwenye bwawa, maji mengi sana yatarudi ziwani, yakiwa na ufinyanzi unaoelea na fosforasi iliyokuwa imelala chini kwa miaka. Winam tayari ina tatizo la mwani wa kijani unaotanda na mwingine kutoa sumu, na fosforasi ni chakula chake. Mtambo wa maji wa Dunga huyavuta maji ya wakazi wa Kisumu kutoka ziwa hilohilo. Maji yakichafuka, kazi na gharama ya kuyasafisha hupanda. Bwawa la kujazia lililojengwa vizuri huwa na vyumba kadhaa vya kutuliza maji kabla ya mlango wa mwisho. Lililojengwa vibaya ni mtaro tu wa kurudisha uchafu nyumbani.

Palipo na uchafu mwingi, wenzetu hawajaribu kujenga nalo. Rotterdam ina bwawa kubwa linaloitwa Slufter, lililoanza kutumika mwaka 1987, ambalo kazi yake ni kuhifadhi tope la bandari lisilofaa kutupwa baharini wala kutumika. Hamburg nao, tangu 1993, wana mtambo unaotenganisha mchanga na ufinyanzi: mchanga safi unakwenda kwenye ujenzi, na ule utandu wenye metali unakamuliwa na kuhifadhiwa kwa uangalifu. Sehemu ya pili ya wazo hilo ni ghali. Ya kwanza, kuchuja mchanga, ndiyo ambayo ningependa kuiona ikijaribiwa hapa kwanza.

Kuchimba tope hakushushi ziwa

Lazima tuligusie hili, kwa kuwa mara nyingi hoja ya kujazia huambatana na hoja ya mafuriko. Mwezi Mei mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kuvunja rekodi ya mwaka 1964, hoteli na nyumba za ukingoni zikaingiwa na maji, na watu wengi wakasema dawa ni kuchimba. Ziwa Victoria lina takriban kilomita za mraba 68,800. Ukitoa mita milioni moja za ujazo za tope, yaani tipa laki moja, na maji yakajaza nafasi ile, ziwa zima litashuka kwa chini ya milimita 0.02. Unywele wa kichwa chako ni mnene kuliko hapo. Kinachopandisha ziwa ni mvua, ambayo sehemu yake kubwa huanguka juu ya ziwa lenyewe, na kinacholishusha ni jua na maji yanayotokea Jinja kuingia Nile.

Mito ni habari nyingine. Mdomo wa Nyando ukizibwa na mashapo, maji ya mto hukosa pa kutokea na kurudi mashambani, na hapo kuchimba husaidia, angalau hadi msimu mwingine wa mvua ulete mzigo mwingine. Wanaochanganya mambo haya mawili huishia kuahidi watu wa Dunga kitu ambacho mashine haiwezi kukifanya.

Basi lifanye kazi gani?

Mchanga kwanza. Ukipatikana, usafishwe na uuzwe. Hauna mjadala mrefu, na kila mita inayotoka ziwani ni mita ambayo haikuchimbwa kwenye kingo za mito yetu.

Ufinyanzi safi uliokaushwa una kazi zake, ila si chini ya nyumba. Kazi inayonivutia zaidi ni matuta ya kuzuia mafuriko. Tuta halibebi ghorofa, kazi yake ni kuzuia maji yasipite, na kwa hilo ufinyanzi unaushinda mchanga. Waholanzi walilijaribu jambo hili karibu na Delfzijl: kuanzia mwaka 2018 waliyatandaza mashapo ya mlango wa mto Ems na bandari, wakayaacha yaive kwa takriban miaka 3, kisha wakayapeleka kujenga tuta pana lenye mteremko wa taratibu na nyasi juu. Neno lao ni hilo hasa, kuiva, na limekaa vizuri kuliko kukauka. Anayejua historia ya matuta ya Nzoia kule Budalang'i, yanavyopasuka na kuhamisha watu, anaweza kuona hili linapoelekea. Tahadhari ipo: ufinyanzi unaovimba na kujikunja hupasuka wakati wa kiangazi, na ufa wa Februari ni mlango wa mafuriko ya Aprili. Ndiyo sababu tuta la namna hiyo hujengwa pana, mteremko mdogo, nyasi zisizoachwa zikauke, na udongo hurekebishwa kwa mchanga au chokaa kabla ya kushindiliwa tabaka kwa tabaka.

Kazi nyingine ni kufunika taka. Jaa kama Kachok, ambalo lilisumbua mji kwa miaka mingi, linapofungwa huhitaji tabaka la ufinyanzi juu yake ili mvua isipenye na kuchuja uchafu kwenda chini. Mashimo yaliyoachwa na wachimba murram na mawe nayo yanangoja kuzibwa. Leo hujaa maji na kuua watoto. Bustani, viwanja vya mpira, maegesho mepesi, vyote vinaweza kuvumilia ardhi inayoshuka sentimita chache kwa mwaka. Ukuta hauvumilii. Matofali ya kuchoma? Labda, kama umepima, kwa sababu udongo unaojikunja sana hupasua tofali kabla halijafika tanuruni.

Suala la nani anamiliki ardhi inayopatikana nalo lisipitwe. Katiba, kifungu cha 62, inaiweka mito na maziwa kwenye ardhi ya umma. Kumwaga tope ukingoni hadi maji yarudi nyuma hakukupi hati. Na Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, kifungu cha 42, inazuia mtu kuchimba, kutifua au kumwaga kitu kinachoweza kudhuru mazingira ndani ya ziwa, mto au ardhi oevu bila idhini ya maandishi ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, baada ya tathmini ya athari kwa mazingira. Kinamasi cha Dunga chenye mafunjo, ambacho kwa macho ya mpima ploti ni ardhi iliyolala bure, ni mahali samaki wanapozalia na kichujio cha maji yanayotoka mjini kabla hayajafika kwenye bomba la kunywa. Kukijaza ni kupoteza vyote viwili kwa mkupuo.

Kwa hiyo, ukiuziwa ploti karibu na ziwa ukaambiwa imeinuliwa kwa udongo wa bandari, usikimbie na usilipe. Omba ripoti ya maabara inayotaja ukubwa wa chembe, kiasi cha uozo na metali, tena ya ploti hiyo yenyewe. Uliza ilijazwa lini, kwa tabaka za unene gani, na kama kuna vigingi vya kupimia kutitia vilivyosomwa kila mwezi. Mkandarasi makini huwa navyo, na usomaji wake huonyesha kama ardhi imetulia au bado inashuka. Kisha lipa vijana wachimbe shimo la mita mbili katikati ya ploti, si ukingoni. Gharama yake ni vibarua vya siku moja. Ila wasiingie ndani zaidi ya kiuno bila kuegemeza kuta za shimo kwa mbao, maana tope lililojificha chini ya gamba hufunga ghafla.